Flashi ya kando au kamera mpya: pesa ya kwanza iende wapi?

Tuseme unayo kamera ya kuanzia, Canon 1300D au Nikon D3500, na lenzi ya kuvuta ya milimita 18-55 iliyotoka nayo kwenye boksi. Umeshapiga sendofu mbili tatu za mtaani kwenu. Picha za mchana zinapendeza. Za ukumbini usiku zina chenga, nyuso zimegeuka rangi ya zambarau, na bibi harusi ana vivuli vyeusi machoni kana kwamba hajalala wiki nzima. Umejibana, umeweka akiba, na sasa kuna njia mbili mbele yako. Moja ni kununua bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ikiwezekana yenye sensa kubwa ya kipimo cha filamu ya milimita 35, ile tunayoiita fuli fremu. Nyingine ni kubaki na kamera hiyohiyo na kununua flashi inayosimama pembeni, mbali na kamera, inayowashwa kwa redio bila waya.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukijua nimesimama wapi. Kwa anayepiga watu na sherehe, pesa ya kwanza iende kwenye flashi. Ila zipo kazi ambazo flashi haikusaidii hata chembe, na kwa kazi hizo nitakuambia ununue kamera, au ununue kitu cha tatu ambacho wengi wanakiruka.

Ukumbini, saa tatu usiku

Huu ndio uwanja wa mapambano, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Mwaka jana rafiki yangu aliniazima Canon 6D Mark II na lenzi yake ya 24-105 f/4. Nikaenda nayo kwenye harusi Tanga, pamoja na 1300D yangu ya zamani. Ukumbi ulikuwa kama kumbi zetu nyingi: dari refu, vitambaa vya zambarau na fedha, taa za LED zinazobadilika rangi ukutani, na taa kali zilizochimbiwa darini juu ya meza kuu. Niliziweka kamera zote mbili f/4.5 (upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), shata 1/60 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia), ISO 6400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga; ikipanda, chenga zinaongezeka), nikapiga maharusi wakiwa wamekaa.

Tofauti ilionekana. Picha ya fuli fremu ilikuwa safi zaidi, chenga zake zikiwa ndogo na laini. Hesabu yake inajulikana: sensa ndogo ya Canon, ya APS-C, ina eneo dogo kuliko fuli fremu kwa takriban mara mbili na nusu, na hiyo ni kama stopu moja na theluthi. Stopu moja maana yake mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua kwa nusu. Kwa maneno mengine, ISO 6400 kwenye sensa kubwa inafanana na ISO 2500 kwenye sensa ndogo. Si haba.

Lakini nilipozisogeza picha hizo mbili pamoja kwenye kompyuta, bibi harusi alikuwa na vivuli vilevile machoni. Shavu la kushoto lilikuwa zambarau kwenye picha zote mbili. Shela nyeupe ilikuwa imekula rangi ya ukuta. Kamera ya gharama kubwa ilikuwa imenakili mwanga mbaya kwa usafi mkubwa, basi.

Halafu nikaichukua 1300D, nikamwomba mdogo wangu asimame upande wa kulia wa maharusi, mita mbili na nusu hivi kutoka kwao, akiwa ameshika stendi yenye flashi moja ya betri na mwavuli mweupe. ISO ikashuka hadi 800, lenzi f/5.6, shata 1/125, flashi nikaiweka nguvu ya 1/8. Chenga zikaisha. Rangi ya zambarau ikatoka usoni, kwa sababu flashi ina mwanga mweupe kama wa mchana na ilikuwa na nguvu kuliko LED za ukutani. Vivuli vya machoni vikafutika, maana sasa mwanga ulitoka kwa pembeni, juu kidogo ya usawa wa uso, na haukumwagika tena kutoka darini moja kwa moja. Pua ikapata umbo, shavu likapata umbo, na nakshi za gauni zikaanza kuonekana uzi kwa uzi.

Kasoro moja ilibaki: ukumbi nyuma yao uligeuka giza tupu. Wengi hufika hapa wakakata tamaa na flashi, wakasema picha zake zinafanana na za pasipoti. Dawa yake ni kuelewa kwamba kwenye picha moja una mianga miwili. Flashi inawaka na kuzimika haraka mno, kwa nguvu ndogo haidumu hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo shata haiigusi. Shata inatawala taa za ukumbi peke yake. Tundu la lenzi na ISO vinatawala vyote viwili. Basi nikapandisha ISO hadi 1600, nikarudisha lenzi f/4.5, nikashusha shata hadi 1/30, na flashi nikaipunguza hadi 1/32 huku mdogo wangu akisogea karibu kidogo. Ukumbi ukarudi na mapambo yake, ukiwa na giza kidogo kuliko maharusi, jinsi jicho linavyotaka. Kwa nguvu ya 1/32 flashi inakuwa tayari kwa picha nyingine papo hapo, na betri nne zinakufikisha mwisho wa sherehe.

Picha hiyo ya mwisho, ya 1300D yenye megapikseli 18, ndiyo mama mzazi wa bwana harusi aliyoitaka ikuzwe na kuwekwa fremu.

Kuna jambo la ngozi pia ambalo nalisema kila nipatapo nafasi. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Ukiipiga flashi ya juu ya kamera moja kwa moja, unapata doa jeupe kwenye paji la uso na ncha ya pua, na sehemu nyingine zote zinakuwa bapa. Ukiiweka taa pembeni nyuma ya mwavuli, mng'ao unatanuka, unateremka taratibu juu ya mfupa wa shavu hadi kwenye kidevu, na mtu anaonekana kama alivyo. Hakuna sensa inayoweza kukufanyia hilo. Simu nazo, zenye programu kali za kusafisha picha za usiku, haziwezi, kwa sababu taa yao imekaa sentimita moja kutoka kwenye lenzi. Mteja wako ana simu nzuri mfukoni, kwa hiyo anachokulipa ni kile asichoweza kukifanya mwenyewe.

Kanisani, nikahani, na uwanja wa mpira

Hapa nageuka upande wa pili.

Makanisa mengi huzuia flashi wakati wa ibada, na hata yasipozuia, mwanga wa ghafla katikati ya viapo unawatoa watu kwenye tukio. Nikaha ni hivyohivyo. Sheikh anasoma hotuba, mkono wa bwana harusi uko ndani ya mkono wa walii, wazee wamekaa chini bega kwa bega. Kuwawashia mwanga usoni si adabu, na stendi ya mwavuli hutapata pa kuisimamisha. Mpira wa usiku ni kesi nyingine iliyo wazi. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga wa flashi unabaki robo, na mshambuliaji aliye mita 40 kutoka kwako hataupata kabisa. Video nayo inahitaji taa inayowaka muda wote.

Kwenye kazi hizo sensa kubwa inashinda. Ila ngoja kabla hujatoa pochi, kwa sababu kuna mshindani wa tatu: lenzi.

Lenzi yako ya 18-55, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Hizo ni stopu tatu na zaidi, wakati fuli fremu ilikuwa inakupa moja na theluthi. Canon 50mm f/1.8 STM ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa dola 125 Marekani. Bodi ya Canon RP, mojawapo ya fuli fremu za bei ya chini za Canon, ilitoka mwaka 2019 kwa dola 1,299 bila lenzi. Kwa anayepiga misa kila Jumamosi, naiona 50mm kuwa ununuzi bora kuliko yote ya pesa ndogo, na kwa yeye naitanguliza hata mbele ya flashi. Mwenye Nikon ya mfululizo wa D3000 au D5000 achague 50mm au 35mm iliyoandikwa AF-S, kwa sababu bodi hizo hazina mota ya fokasi ndani yake, na lenzi za zamani za AF-D zitakulazimisha kuzungusha fokasi kwa mkono.

Gharama yake ni kwamba f/1.8 ina kina chembamba sana. Jicho moja limekaa sawa, la pili limeshaanza kufifia, na fokasi ya kamera ya kuanzia yenye pointi tisa hukosea mara nyingi zaidi kwenye giza. Hapo ndipo kamera mpya inaanza kuwa na hoja ya kweli, na nitairudia.

Juani, saa nane mchana

Ufukweni, kwenye jua la utosi, watu wengi hudhani flashi haina kazi. Ndipo inapohitajika sana, na ndipo flashi ndogo inapofikia mwisho wa nguvu zake.

Kamera nyingi za kuanzia haziwezi kutumia flashi ya kawaida kwa shata ya kasi kuliko 1/200. Shata ina mapazia mawili, na ukizidi kasi hiyo, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka. Mwanga wa flashi unagonga sehemu tu ya sensa, na picha inatoka na ukanda mweusi. Kwenye jua kali, ISO 100 na 1/200, lenzi itabidi iwe f/11 hivi. Flashi moja ya betri kwa nguvu yote, bila mwavuli, inaweza kushindana na jua hilo ukiwa mita tatu. Ukiweka mwavuli, itabidi uisogeze mita moja na nusu tu kutoka kwa mtu.

Je, bodi mpya itasaidia? Kidogo mno. Canon 80D inafika 1/250, Nikon D7200 pia 1/250, na hiyo ni theluthi ya stopu. Canon 6D yenyewe, ya fuli fremu, iko nyuma kwa 1/180. Wakati Nikon D70 ya mwaka 2004, yenye megapikseli 6 tu, inaruhusu 1/500. Ndiyo maana wapo waliobaki na kamera hizo kongwe kwa ajili ya jua peke yake.

Kinachosaidia ni miguu yako. Wageuze maharusi walipe jua mgongo, au waingize kwenye kivuli cha mnazi au ukuta, halafu flashi ijaze uso. Kazi yake inakuwa nyepesi mara nne. Flashi nyingi za kisasa zina pia hali ya kuwaka mfululizo mithili ya taa, inayokuruhusu shata ya 1/1000 na zaidi, lakini nguvu yake inapungua sana, kwa hiyo itegemee ukiwa karibu.

Na upepo wa baharini ni adui wa mwavuli. Ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye stendi. Mchanga uko pale pale chini ya miguu yako.

Kabla ya kununua flashi, angalia pini

Sehemu hii isome mara mbili.

Juu ya kamera yako kuna reli ya chuma ambamo flashi inachomekwa. Katikati ya reli hiyo kwa kawaida pana kiduara kimoja kikubwa cha chuma, ndiyo pini yenyewe. Hicho ndicho kinachoiambia karibu flashi yoyote ya dunia hii, ya kampuni yoyote, iwake. 1300D ya mwaka 2016 inacho. 2000D iliyotoka mwaka 2018, pamoja na 4000D na 250D, hazina. Kwenye kamera hizo, triga rahisi ya pini moja (triga ni kifaa cha juu ya kamera kinachoiamrisha flashi ya mbali) haitaiwasha flashi kamwe, na kununua betri mpya hakutabadilisha kitu. Zipo triga zilizotengenezwa kuzungumza na Canon kidijiti zinazofanya kazi kwenye kamera hizo, na zipo zisizofanya. Kwa hiyo mwenye 2000D asiagize triga mtandaoni kwa kuangalia picha na bei. Apeleke kamera dukani aichomeke.

Wanaopanga kuhamia kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha ndani nao wana mtego wao. Canon R50 ya mwaka 2023 ina kiti cha flashi cha aina mpya, na flashi za Canon za mtindo wa zamani zinahitaji adapta inayoitwa AD-E1. Bei ya adapta iingize kwenye hesabu tangu mwanzo.

Aina za flashi zisizo na waya

Njia ya kwanza ni ya macho. Flashi ya pembeni ina kijicho kinachoona mwanga wa flashi nyingine, nayo inawaka papo hapo. Baadhi ya kamera zinaweza hata kuiamrisha flashi ya mbali kwa kutumia kiflashi chao kinachoinuka: Canon 600D, 700D, 60D, 70D, na upande wa Nikon D90, D7000 na D7200. Kamera za chini kabisa, kama 1300D au D3500, hazina uwezo huo. Njia ya macho haina gharama ya triga, na nyumbani au studio ndogo inatosha. Juani inapofuka. Ukumbini ni balaa, kwa sababu kuna wapiga picha watatu na wageni wenye kamera zao, na flashi yako itawaka kila mmoja wao anapopiga. Ukija kupiga wewe, imeishiwa pumzi.

Njia ya pili ni redio, na hii ndiyo ninayoishauri bila kusita. Triga inakaa juu ya kamera, flashi ina kipokezi ndani yake, vinazungumza kwa masafa ya 2.4 GHz hata kukiwa na nguzo au umati katikati. Wapiga picha wengi ninaowafahamu wanatumia Godox TT600 na triga ya XPro au X2T, na wengine Yongnuo YN560 IV. Marekani TT600 imekuwa ikiuzwa karibu dola 65 na XPro karibu dola 70. Huku kwetu ongeza usafiri na ushuru. Hata ukiweka stendi, mwavuli na betri za kuchaji, jumla inabaki sehemu ndogo ya bei ya bodi ya fuli fremu.

Ukikutana na mpiga picha mwingine mwenye triga kama yako kwenye ukumbi mmoja, na nyote mko kwenye chaneli ile iliyotoka kiwandani, kila mmoja atawasha flashi za mwenzake. Salimianeni mapema na mgawane chaneli.

Kuhusu otomatiki: TT600 ni ya mkono, nguvu unaipanga mwenyewe kuanzia 1/1 hadi 1/128. TT685 ina TTL, yaani kamera inapima na kupanga yenyewe. Mwenye flashi juu ya kamera anayemfuata bwana harusi akiingia na ngoma, umbali ukibadilika kila sekunde, TTL inamsaidia. Kwa flashi iliyosimama pembeni ya meza kuu, nachagua mkono. Kipimo cha kamera hulenga kuleta kila kitu kwenye kijivu cha wastani, hivyo gauni jeupe likijaa kwenye picha, kamera inapunguza mwanga, gauni linakuwa la kijivu na uso wa bibi harusi unazama. Ukipanga kwa mkono, picha ya kwanza na ya mia zinalingana, na kule kuhariri kunakuchukua saa moja badala ya usiku kucha. Tena ni rahisi kujifunza. Umbali mmoja, namba moja, uone matokeo, ubadilishe.

Betri za TT600 ni nne za AA. Nunua za kuchaji za NiMH, seti mbili, zenye jina unaloliamini. Zile za bei ya chini zinazouzwa kwa ajili ya saa za ukutani zitakufa kabla keki haijakatwa.

Bodi mpya ina haki yake lini

Sitaki mtu asome hadi hapa akadhani naidharau kamera mpya. Kuna sababu tatu ambazo zinanitosha.

Kubwa kuliko zote ni nafasi mbili za memori kadi. Ukianza kulipwa kwa harusi, umebeba kitu kisichorudiwa. Kadi moja ikiharibika, hakuna pesa ya kurudisha itakayomridhisha familia. Kamera yenye nafasi mbili inaweza kuandika kila picha mara mbili. Nikon D7200, ambayo sasa inapatikana ikiwa imetumika, ina nafasi mbili. Nikon Z5 ya mwaka 2020 ni fuli fremu na ina nafasi mbili. Canon RP na R8 ni fuli fremu lakini zina nafasi moja, na hata 6D Mark II niliyoazimwa ina moja. Kwa hiyo kwa mpiga harusi, D7200 yenye sensa ndogo inaweza kuwa hatua kubwa zaidi mbele kuliko fuli fremu yenye kadi moja. Wengi hawaangalii jambo hili mpaka siku ya machozi.

Sababu ya pili ni fokasi. Kamera mpya zisizo na kioo zinatafuta jicho la mtu zenyewe na kulifuata, kwenye ukingo wa picha na kwenye mwanga hafifu. Ukiwa na 50mm f/1.8 kanisani, hilo linapunguza picha za kutupwa kwa kiasi kikubwa. Ya tatu ni vidhibiti: gurudumu la pili la kubadilishia f bila kubonyeza kitufe kingine. Ni jambo dogo, lakini kwenye msafara wa bibi harusi unaoingia ukumbini hupati nafasi ya kutafuta vitufe.

Ila hesabu na lenzi. Lenzi za Canon zilizoandikwa EF-S, yaani za sensa ndogo, ikiwemo 18-55 yako, hazichomeki kabisa kwenye 6D. Kwenye RP zinachomeka kwa adapta, lakini kamera inakata picha na megapikseli 26 zinabaki kama 10. Nikon inakubali lenzi zake za sensa ndogo, zilizoandikwa DX, kwenye fuli fremu, nayo pia kwa kukata. Ukinunua bodi tu, umenunua nusu ya safari. Nimewaona vijana walionunua fuli fremu kwa mkopo wakabaki na lenzi moja ya giza ya f/5.6, bila flashi, picha zao za ukumbini zikiwa na zambarau ileile.

Flashi haina shida hiyo. TT600 uliyoinunua kwa ajili ya 1300D itakufuata ukihamia Nikon au kamera mpya ya Canon. Unabadilisha triga tu, kwa sababu ndiyo inayotengenezwa tofauti kwa kila kampuni. Bodi inashuka thamani kila toleo jipya linapotoka. Stendi niliyoianzia kazi ninayo hadi leo.

Nikigawa pesa yako

Ukipiga sherehe za ukumbini na picha za familia: flashi moja ya redio, triga, stendi, mwavuli mweupe, betri seti mbili. Baada ya miezi michache ongeza 50mm. Flashi ya pili, kwa ajili ya kuangaza nyuma ya maharusi, ije ya tatu. Bodi yenye kadi mbili ije pale unapoanza kusaini mikataba ya harusi kwa jina lako mwenyewe.

Ukipiga ibada na mikutano, anza na 50mm, kisha bodi yenye fokasi nzuri, flashi mwisho. Ukipiga mpira au wanyama mbugani, weka flashi pembeni, akiba yote iende kwenye lenzi ndefu na bodi yenye kasi.

Siku ya kwenda dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, beba kamera yako mwenyewe na betri zako. Chomeka triga, weka flashi mwisho wa duka, ifiche nyuma ya kaunta isionekane. Piga picha ishirini mfululizo kwa nguvu ya 1/32, kisha tano kwa nguvu yote ukihesabu sekunde kati ya moja na nyingine. Weka shata 1/200 uangalie kama kuna ukanda mweusi chini ya picha, maana baadhi ya triga za bei nafuu huchelewa kidogo na zinakuhitaji ushuke hadi 1/160. Ikikosa kuwaka hata mara moja kati ya hizo ishirini, irudishe kwenye boksi na uombe nyingine kabla hujalipa.